Msomi Naye Huugua: Funzo la Korona kwa Parokia Zetu



Tarehe 16 Machi 2020 Serikali yetu ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini, msafiri aliyewasili mkoani Arusha akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule za awali, za msingi na za sekondari. Na siku iliyofuata, tarehe 18 Machi, agizo hilo likavifikia vyuo na vyuo vikuu. Katika muda wa siku chache vijana wetu waliokuwa Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro, Iringa na Mbeya walifunga mabegi yao wakapanda mabasi. Wale wa Ufipa wengi wao walipitia Tunduma na Laela hadi Sumbawanga, na wa kwetu huku wakaendelea hadi Matai na Mwimbi. Walirudi wakiwa wazima wa mwili, na wazazi wakamshukuru Mungu kwamba watoto wamefika salama.

Miaka kadhaa imepita tangu hapo. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi tahariri hii irudi nyuma na kuchimbua mambo ambayo watu wamekwisha kuyasahau? Jibu letu ni kwamba ipo hesabu moja ambayo haijafanywa huku kwetu. Wagonjwa wa mapafu walihesabiwa, walau kwa muda fulani. Wagonjwa wa nafsi na akili hawakuhesabiwa na mtu. Shirika hilo hilo la Afya Duniani lilieleza mwezi Machi 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, maradhi ya wasiwasi na ya sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, yaliongezeka duniani kwa asilimia 25. Na walioumizwa zaidi walikuwa vijana na wanawake. Vijana wetu wa vyuo vikuu wamo katika hesabu hiyo, ingawa majina yao hayakuandikwa popote.

Tunapenda tuseme wazi tangu mwanzo jambo tunalolikusudia. Vyuo vilipofungwa, makanisa na misikiti ya nchi hii haikufungwa na Serikali. Kwa hiyo kwa kijana aliyerudi kijijini, parokia na kigango chake vilikuwa ndiyo nyumba kubwa pekee iliyobaki na mlango wazi. Tunaamini kwamba nyumba hiyo inapaswa kuwa mahali ambapo kijana msomi anaweza kusema kwamba amechoka na haoni mbele, naye asichekwe, asiogopwe wala asihukumiwe. Na tunaamini kwamba kumpa nafasi hiyo ni haki yake, wala si hisani.

Kurudi kabla ya wakati

Ili tuelewe lililowapata vijana hawa, hatuna budi kukumbuka mwanafunzi wa chuo kikuu ni nani katika jamii yetu. Huku Ufipa yeye si mtoto wa baba na mama peke yao. Ni mtoto wa ukoo mzima. Ili aende chuoni ng'ombe wameuzwa, magunia ya mahindi na maharage yamepelekwa sokoni kabla ya bei kupanda, mjomba ametoa chake na shangazi ametoa chake, na mara nyingine Jumuiya Ndogo Ndogo imechanga nauli. Siku ya kuondoka aliombewa na kusindikizwa. Kila aliyemshika mkono alimwachia tumaini lake, na matumaini ya watu wengi ni mzigo mzito kwa mabega ya kijana wa miaka ishirini.

Kijana huyo alirudi ghafla wakati mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Alishika jembe, na katika hilo hakuna aibu yoyote, maana jembe ndilo lililomsomesha. Lakini njiani aliulizwa, “Umefukuzwa?” Kisimani dada aliulizwa kama ni kweli chuo kimemshinda, au kama yupo mchumba aliyemrudisha. Alieleza habari za ugonjwa, naye msikilizaji alitikisa kichwa kama mtu asiyesadiki, kwa kuwa kijijini hakuna aliyekuwa amemwona mgonjwa.

Vitabu vyake vilikuwa vimebaki bwenini. Vyuo vichache vilijaribu kufundisha kwa njia ya intaneti, lakini mafunzo ya namna hiyo yanahitaji simu nzuri, umeme na fedha za vifurushi. Na katika vijiji vingi vya uwanda huu mtu hupanda kilimani ili apate mtandao wa kupigia simu tu. Basi mwenzake aliyebaki mjini alisoma, yeye akapalilia, na kila jioni alilala akijua kwamba anaachwa nyuma. Shule zilikuwa zimetangaziwa siku thelathini. Siku hizo zilipokwisha, muda uliongezwa bila kutajwa tarehe ya mwisho. Binadamu huweza kuvumilia taabu ambayo anaujua mwisho wake. Ile isiyo na mwisho unaoonekana humla taratibu kama mchwa alavyo mti kwa ndani.

Tuseme pia habari za fedha, maana umaskini na maradhi ya akili ni majirani. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu alikuwa akihesabiwa shilingi 8,500 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi awapo chuoni. Wapo wanaojinyima katika kiasi hicho ili mdogo wao nyumbani apate daftari na sare. Chuo kikifungwa, mkono huo nao hufungwa. Nyumbani nako hali haikuwa njema: mwezi Mei 2020 Zambia ilifunga kwa siku kadhaa mpaka wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, na wafanyabiashara waliotegemea njia hiyo walikwama. Kijana aliyerudi akitarajia kupumzika alijikuta ni mdomo mmoja zaidi katika nyumba isiyo na kitu.

Vyuo vyetu vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni 2020. Majirani zetu walingoja muda mrefu zaidi: nchini Kenya shule hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi tarehe 4 Januari 2021, na nchini Uganda hadi tarehe 10 Januari 2022. Kwa sababu hiyo wako waliosema kwamba Watanzania tuliponyoka, na kwamba mwanafunzi wa Tanzania hana la kulalamikia. Ni kweli kwamba kufungwa kwetu kulikuwa kufupi. Lakini baada ya milango kufunguliwa lilikuja jambo jingine ambalo lilikuwa na uzito wake, nalo ni ukimya.

Kilio kisichokuwa na jina

Takwimu za mwisho za mwaka ule kwa Tanzania Bara zilitolewa tarehe 29 Aprili 2020. Hesabu ya nchi nzima ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo hazikutolewa nyingine kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wanafunzi walirudi kwenye kumbi za mihadhara zilizojaa na mabweni ya vitanda vya ghorofa, wakaambiwa kwamba ugonjwa umekwisha.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 misiba iliongezeka. Mwezi Januari mwaka huo Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwaandikia waamini kuwaonya juu ya wimbi jipya la maambukizi, na mwezi Machi Katibu Mkuu wa Baraza hilo, Padre Charles Kitima, alieleza hadharani kwamba katika muda wa miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki dunia wakiwa na matatizo ya kupumua. Hata hivyo, katika matangazo mengi ya misiba ugonjwa haukutajwa kwa jina lake. Ilisemwa ni nimonia, au ni “changamoto ya upumuaji”, kisha watu wakainamisha vichwa.

Hatuna nia ya kufufua mabishano ya siasa ya siku zile. Serikali iliyofuata ilirudi kutoa takwimu, na tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya taifa ili chanjo ianze kutolewa. Tunalotaka kuwaonyesha ni hili: msiba usiokuwa na jina huacha jeraha la namna yake. Fikirini juu ya mwanafunzi aliye Dodoma, anayepigiwa simu kwamba baba yake ameugua kifua, na baada ya siku nne kwamba amezikwa. Safari ni ndefu, mtihani uko wiki ijayo, nauli hana. Hakuuona uso wa marehemu wala hakutupa udongo kaburini. Akimwambia mwenzake kwamba anahisi ni korona, huambiwa asieneze hofu. Akiogopa kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeupeleka ugonjwa nyumbani alipokwenda likizo, hana wa kumwuliza. Mila zetu zote, za Wafipa, Wamambwe na Walungu, zinajua kwamba mfiwa hukaa na watu, huliliwa na kusikilizwa, na siku za matanga zina kazi yake. Kijana huyu hakukaa matanga. Aliingia katika chumba cha mtihani.

Taifa letu limekwisha kupita njia hii. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa miaka mingi ugonjwa ule ulisemwa kwa mafumbo, wagonjwa wakafichwa vyumba vya nyuma, na ilipofika tarehe 31 Desemba 1999 ndipo Rais Benjamin Mkapa alipoutangaza kuwa janga la taifa. Miaka kumi na sita ilikuwa imepita, na wangapi walikufa katika mafumbo hayo? Mficha maradhi kilio humfichua. Tusingoje tena muda kama huo kwa maradhi ya akili.

Si uchawi, si uvivu, si kiburi cha kisomo

Wazee wetu hutuambia kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni “tupa uchawi”. Ni jina lenye mafundisho kuliko wakazi wake wengi wanavyofikiri. Maana hata leo, kijana wa chuo akianza kujifungia ndani, kukosa usingizi na kusema maneno ya kukata tamaa, ndugu wengi kwanza hutafuta mchawi: nani ameonea wivu kisomo chake, ni jirani yupi aliyemtazama vibaya. Ng'ombe aliyebaki huuzwa apelekwe kwa mganga mbali, na mwanamke mzee asiye na hatia hunyoshewa kidole. Hapo nyumba moja hupata majeraha mawili: mgonjwa hakutibiwa, na mzee amedhulumiwa. Tume za Haki na Amani zinajua vema matunda machungu ya mashtaka ya namna hiyo.

Wengine, wasioamini uchawi, huangukia kosa la pili. Husema kijana amekuwa mvivu, au kisomo kimempa kiburi, au imani yake ni haba. Humwambia, “Sisi tulisoma kwa kibatari wala hatukuugua.” Na mwanafunzi akizidi kunyamaza hutaniwa kwamba anafaa kupelekwa Mirembe, kana kwamba hospitali ile ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, ingekuwa jina la kuchekesha, na wala si mahali ambapo ndugu zetu hutibiwa.

Sonona ni ugonjwa. Humpata mkulima na profesa, mcha Mungu na asiyeomba. Dalili zake zinajulikana: huzuni au utupu usioondoka kwa majuma mawili au zaidi, kupoteza hamu ya mambo yaliyokuwa yakimpendeza, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya kula, uchovu usio na sababu, kushindwa kukaza fikra katika masomo, kujiona hafai na kwamba ni mzigo kwa wenzake, na, katika hali mbaya, kufikiri juu ya kifo. Mwingine haonyeshi huzuni, huonyesha hasira au huanza kunywa pombe kuliko zamani. Ugonjwa huu unatibika, kwa mazungumzo na mtu aliyefunzwa kusikiliza, na pale inapohitajika kwa dawa za hospitali.

Yeyote anayedhani kwamba mtu wa imani hawezi kufika huko na asome sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Nabii Eliya, mara baada ya ushindi mkubwa juu ya mlima Karmeli, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu auondoe uhai wake. Tuangalie Mungu alivyomtendea. Malaika hakumkaripia wala hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale. Kisha akarudi mara ya pili na chakula kingine, kwa kuwa safari iliyobaki ilikuwa ndefu kwake. Maneno na maagizo ya kazi yalikuja baadaye, mtu alipokwisha kula na kupumzika. Katika masimulizi hayo mafupi umo utaratibu wote wa kumhudumia aliyevunjika moyo.

Kwa nini jambo hili ni la haki

Wako watakaosema kwamba habari hizi ni za madaktari, na kwamba Tume ya Haki na Amani ingeshughulikia mashamba, rushwa na uchaguzi. Tunawajibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni uhai wenyewe. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 720,000 hufa duniani kila mwaka kwa kujiua, na mwaka 2021 hiyo ilikuwa sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa umri wa miaka 15 hadi 29. Walio wengi katika hao hufia katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Umri huo ndio umri wa wanafunzi wetu. Anayetetea uhai hawezi kuunyamazia msiba huu.

La pili ni sheria. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, Sura ya 16, katika kifungu cha 217, inamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa la jinai. Matokeo yake ni kwamba familia iliyomwokoa mtoto wake huogopa kumpeleka hospitali, isije ikamkabidhi polisi. Mtu aliyehitaji daktari hupewa hofu ya mahakama. Nchini Kenya Mahakama Kuu iliamua tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho cha sheria yao kinapingana na Katiba. Tunaona kwamba wakati umefika kwa wabunge wetu kulitazama jambo hili, hasa kwa kuwa tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inayomtambua mgonjwa kuwa mgonjwa.

La tatu linahusu desturi za maziko. Bado zipo jumuiya ambamo aliyejiua huzikwa kama mtu aliyelaaniwa, bila sala wala wimbo, na mama yake huachwa peke yake na maswali yake. Waamini wengi hudhani kwamba ndivyo Kanisa linavyoagiza. Ni kweli kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa wale waliojiua kwa kusudi kamili. Lakini Sheria ya mwaka 1983, iliyopo sasa, haiwataji tena katika kanuni ya 1184 miongoni mwa wanaonyimwa maziko hayo. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2282 na 2283, inafundisha kwamba maradhi mazito ya akili, uchungu mkubwa au hofu kuu huweza kupunguza wajibu wa mtu kwa tendo hilo, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa hao, kwa maana Mungu anazo njia anazozijua Yeye. Kanisa linaendelea kufundisha kwamba uhai ni wa Mungu na si wetu kuutupa. Na Kanisa hilo hilo linawaombea waliokufa hivyo. Kiongozi wa jumuiya anayemfukuza mfiwa hamfanyii kazi Kristo.

Tufanye nini

Maneno yasiyozaa tendo ni kama mbegu zilizobaki ghalani wakati mvua inanyesha. Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo kwa Halmashauri za Walei, kwa vyama vya kitume na kwa kila jumuiya.

Kwanza, tuwajue wanafunzi wetu. Kila kigango kiwe na orodha ya vijana wake walio vyuoni, na mtu mmoja mwenye jukumu la kuwapigia simu walau mara moja kwa muhula kuwauliza hali, si kuwadai michango. Umoja wa wanafunzi Wakatoliki wa vyuo vikuu, TMCS, upo katika vyuo vingi. Parokia iulize jina la mlezi wao na kuwasiliana naye.

Pili, kila parokia ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye busara na wenye kufunga midomo yao, wapate mafunzo ya kusikiliza kutoka kwa wauguzi na maafisa ustawi wa jamii. Mwalimu mstaafu au muuguzi anafaa sana. Kazi yao ni kusikiliza kuliko kusema, na watakayoambiwa wasiyapeleke kisimani wala kilabuni.

Tatu, tusiogope kuuliza. Watu wengi hudhani kwamba kumwuliza kijana kama anafikiria kujiua ni kumtia wazo hilo kichwani. Wataalamu wanatuhakikishia kwamba sivyo. Swali linaloulizwa kwa upole humpa nafuu aliyekuwa amelibeba peke yake. Akikubali kwamba anafikiri hivyo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Vitu anavyoweza kujidhuru navyo viondolewe karibu naye, na asindikizwe hadi kituo cha afya, na kutoka hapo hadi hospitali ya mkoa ikibidi. Nauli yake itoke katika mfuko wa jumuiya kama itokavyo ya mgonjwa wa malaria kali.

Nne, wazazi tubadili lugha. Badala ya kumwuliza mtoto kila simu amepata alama ngapi, tumwulize pia amelala vipi na amekula nini. Mwanafunzi akifeli somo, au akiahirisha mwaka kwa sababu ya ugonjwa, asikie kutoka kwa wazazi wake kwamba nyumba bado ni yake. Ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya ada asitajwe kila siku kama deni.

Tano, tudai huduma. Chuo kikuu kinachopokea wanafunzi maelfu hakina budi kuwa na washauri nasaha wa kutosha, wenye ofisi ambayo mwanafunzi anaweza kuingia bila kuonekana na darasa zima. Fedha za kujikimu zitoke kwa wakati, maana njaa ya majuma matatu humvunja hata aliye imara. Na hospitali za wilaya kama yetu ya Kalambo ziwe na mtumishi aliyesomea maradhi ya akili pamoja na dawa zake. Haya yote yafaa kuulizwa kwa diwani na kwa mbunge katika mikutano ya hadhara.

Sita, tujiandae. Janga jingine likija, vyuo vikafungwa tena, tusikutwe hatuna mpango. Parokia yenye ukumbi na umeme wa jua inaweza kuwa chumba cha kusomea cha wanafunzi waliorudi, nao wanaweza kuwafundisha wadogo wao waliofungiwa shule. Kijana aliyepewa kazi yenye maana na wenzake wa kukaa nao hapotei kirahisi katika upweke.

Neno kwa wanafunzi wenyewe

Nanyi vijana wetu mtakaosomewa tahariri hii, au mtakaoikuta mezani mkiwa likizo, tunawaambia neno moja. Kuugua akili si kushindwa kisomo, wala si kuwaaibisha waliowasomesha. Hakuna mzazi wa Ufipa aliyeuza ng'ombe ili apate shahada. Aliuza ili mwanawe aishi vizuri. Kati ya shahada na ninyi, tunawataka ninyi. Kama mzigo umezidi, mwambieni mtu mmoja mnayemwamini: rafiki wa chumbani, mlezi wa chuo, padre, sista, muuguzi, au mama. Mkimwambia wa kwanza asiwaelewe, mwambieni wa pili. Waliokuwa chuoni mwaka 2020 wengi wao leo ni walimu, wauguzi, wakulima na watafuta kazi katikati yetu, na baadhi yao bado wamebeba kilio walichokizuia wakati ule. Nao hawajachelewa kusema.

Kwa viongozi wa jumuiya tunaomba tahariri hii isomwe polepole katika mikutano ya juma hili, na maswali yafuatayo yajadiliwe kwa uhuru:

1. Katika jumuiya yetu wako wanafunzi wangapi wa vyuo, na ni nani aliyezungumza nao mwezi huu?

2. Mtu akiugua akili hapa kwetu, hatua ya kwanza ambayo familia huichukua ni ipi? Je, inamsaidia au inamdhuru?

3. Wako wafiwa gani kati yetu ambao hawakupata nafasi ya kuomboleza siku za korona, nasi tutawatembelea lini?